Kupunguza Nafasi za Biashara: Ni Haki?



Hapa Uganda shahada za biashara zina wanafunzi wengi, na wapo wanaotaka vyuo vipunguze udahili wake kwa kuwa ajira ni chache. Mimi nauliza swali la kisheria: je, ni haki kumfungia mtu mlango wa elimu ya halali anayoitaka?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliligusa jambo la namna hii katika Ihya Ulum al-Din. Alilalamika kwamba iko miji isiyo na tabibu Muislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi. Utabibu ni fardhi kifaya. Asipopatikana wa kuutekeleza, jamii nzima inabeba dhambi. Angalieni, lawama ile iliwaangukia watu wa fani yangu mimi ninayesoma masomo ya Kiislamu. Kwa hiyo siwadharau ndugu zetu wa biashara. Nayo ni fardhi kifaya. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akaomba aonyeshwe soko tu.

Basi hoja ya kupunguza ina msingi: wakitosha huku, wengine waende kwenye pengo. Lakini fardhi kifaya ni mzigo wa jamii. Chuo kikifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine, kimemtwisha kijana mmoja mzigo wa watu wote. Na atakayeachwa nje ni nani? Mara nyingi ni yule aliyesoma shule ya kijijini isiyo na maabara. Kumwambia akasome uuguzi au ufamasia, wakati hakuwahi kushika hata darubini, ni kumkejeli.

Msimamo wangu ni huu: nafasi zipunguzwe, ila kila iliyoondolewa ionekane mahali pengine. Kuwe na mwaka wa maandalizi ya sayansi, na zaka zetu ziwafikie wanafunzi mafukara wanaostahiki. Bila hayo, tutakuwa tunawachuja maskini tu na kuliita jambo hilo maslahi ya umma.

Nawe unayejaza fomu mwaka huu, pamoja na kuuliza kozi ipi ina kazi, uliza pia mtaa wenu unakosa nani.

Wallahu aalam.