Boti ambayo Leonardo aliificha

Leonardo da Vinci, yule Mwitaliano aliyechora Mona Lisa, alichora pia boti nyingi. Moja ina magurudumu yenye makafi ubavuni: mtu anakanyaga pedali, magurudumu ya meno yanazungushana, boti inaenda bila tanga. Fundi wa baiskeli wa Arua mjini akiuona mchoro huo ataelewa mara moja. Nyingine ina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, ili ikitobolewa nje isizame.

Lakini mimi nataka kuongea juu ya mchoro ambao hakuutoa. Katika daftari lake linaloitwa Codex Leicester aliandika kwamba anajua namna ya kumfanya mtu akae chini ya maji muda mrefu, ila hataitangaza. Sababu yake? Binadamu ni wabaya, wataitumia kutoboa meli kutoka chini na kuua watu waliomo. (Daftari hilo liliuzwa mwaka 1994 kwa zaidi ya dola milioni 30. Siri gani hiyo!)

Je, alifanya vizuri? Wengi watasema ndiyo, mzee alikuwa na huruma. Mimi sikubali haraka hivyo. Meli zilikuja kutobolewa kutoka chini hata bila yeye; nyambizi za vita zinajulikana. Na ile boti ya kuta mbili, dawa yenyewe ya ubaya huo, nayo ilibaki imefungwa katika madaftari yake. Alikufa mwaka 1519, na karatasi zake zikakaa mamia ya miaka bila kuchapishwa. Mwenye kufunga sanduku kwa sababu ya mwizi, anamfungia pia mwenye njaa.

Kuna siri ninayoiheshimu. Mtu aliyekimbia kutoka Yei au Ituri akiniomba nisiseme analala wapi, sitasema. Hiyo ni siri yake, maisha ni yake, ameomba mwenyewe. Leonardo hakuombwa na mtu. Aliamua peke yake kwa ajili ya wote wanaopanda meli.

Hapo ndipo ninapowageukia nyinyi mnaofanya kazi na sisi, Rhino Camp, Imvepi, na Lobule kule Koboko. Ile sentensi tunaijua: "Tusiwaambie bado, wataleta fujo." Inasemwa kwa roho nzuri, sikatai. Wengine kati yetu kweli wataleta fujo, na atakayetukanwa ni yule kijana wa shirika anayesimama mbele na karatasi, si bosi wake. Hofu yake ni ya kweli kama ile ya Leonardo.

Lakini tarehe 22 Machi 2014 boti ilizama Ziwa Albert ikiwa na wakimbizi Wakongo waliokuwa wanarudi kwao kutoka Uganda. Walikufa zaidi ya watu 100. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mtu anayepanda chombo ana haki ya kujua kinabeba wangapi, hata kama akijua atapiga kelele pale ufukweni.

Basi na posho ni hivyo hivyo. Mama akijua mwezi mmoja kabla kwamba itapunguzwa, anaweza kuuza mbuzi wakati bei bado iko, kupanda mihogo, kumwomba dada yake wa Koboko amchukue mtoto mmoja. Akiambiwa siku ile ile, kwenye foleni, hakuna hata kimoja anachoweza kufanya.