Kiti cha Kisauni hakina hatimiliki

Wakili kijana wa Mombasa anayeutamani ubunge na aanze kwa kuisoma habari ya Anania Mwaboza.

Agosti 2004, Emmanuel Karisa Maitha, mbunge wa Kisauni na Waziri wa Utalii, alifariki ghafla akiwa Ujerumani. Desemba mwaka huo Mwaboza, wakili, akashinda uchaguzi mdogo kwa tiketi ya muungano wa NARC. Tarehe 27 Desemba 2007 wimbi la chama cha ODM likampa kiti hicho Ali Hassan Joho, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa Mombasa. Ubunge wa wakili wetu ulikuwa wa miaka mitatu tu.

Simlaumu. Ninalolitazama ni muda, na jinsi ulivyo adui wa mtu wa sheria. Nchini Kenya, wakili hapewi idhini ya kuthibitisha hati za kimataifa kabla ya kufanya kazi miaka 5. Basi huzoea subira. Mtu wa Mtopanga, huko Kisauni, akimletea makubaliano ya kununua nyumba bila ardhi, huyasoma mstari kwa mstari, huuliza mwenye shamba ni nani, ndipo agonge mhuri, na hati ile husimama miaka.

Mtu yuleyule akimwendea mbunge, huja na barua ya karo na habari ya matanga, naye anataka jibu leo. Tangu sheria ya 2003 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge (CDF), mbunge amegeuzwa karani wa basari. Foleni ya mlangoni humla siku nzima. Na kidonda kikuu cha Kisauni, maelfu wanaoishi kwenye ardhi isiyo yao kwa hati, kinataka mtu wa kuchimba faili, kuandika mswada na kuusukuma mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ni ya wakili hasa, na ndiyo inayokosa nafasi. Akishindwa uchaguzi akarudi ofisini, wateja wameshahamia kwa mwingine.

Basi kijana, kabla ya kuchukua fomu, mkabidhi mwenzako ofisi kwa maandishi, usikishushe kibao chako, na uingie bungeni na mswada wa ardhi ulioandikwa tayari. Nasi wapiga kura wa Kisauni tumwombe mgombea wakili atuonyeshe mswada huo kabla hatujatazama alichobeba mfukoni.