Kukisia Mabao: Elimu au Kamari?

Miongoni mwa maneno ambayo vijana wetu huyaleta darasani siku hizi, limo moja linalotupasa kulitazama kwa makini, nalo ni kubashiri. Asili yake ni bishara, yaani habari njema. Leo limekuwa jina la kuweka fedha juu ya matokeo ya mpira, na habari itokayo huko mara nyingi si njema.

Lugha yetu hutenganisha mambo matatu. Kukisia ni kupima kwa akili. Kubahatisha ni kujitupa mikononi mwa bahati. Kucheza kamari ni kuitia mali rehani kwa bahati hiyo. Je, mtu anayeweka fedha juu ya idadi ya mabao anafanya lipi?

Mtu huyo haulizwi timu gani itashinda. Huulizwa kama mabao ya pande zote mbili yatazidi mawili na nusu. Nusu bao halijapata kufungwa tangu mpira uanze kuchezwa. Limewekwa ili mwisho wa mchezo pasikosekane wa kupata na wa kukosa. Katika masoko ya utabiri ya nchi za ng'ambo, watu huuziana jibu lenyewe. Tuseme hati italipa shilingi 100 mabao yakizidi, na leo yauzwa shilingi 60: maana yake wanunuzi kwa jumla wanauona uwezekano kuwa 60 kwa 100. Watetezi husema bei hiyo ni akili ya wengi iliyokusanywa pamoja, na kwamba huko ni kukisia hasa.

Hoja hii haina budi kuheshimiwa. Kwa mechi nyingi, hesabu za wataalamu huukaribia ukweli. Lakini mwekaji dau husubiri mechi moja, na mechi moja haina adabu kwa hesabu: mwaka 2014, mjini Belo Horizonte, Ujerumani iliifunga Brazil 7–1, mabao 8 kwa jumla.

Lipo na jambo zito zaidi. Mkulima akikisia mvua, makisio yake hayaongezi hata tone moja. Bao, kinyume chake, lina binadamu nyuma yake. Tarehe 1 Juni 2011, mjini Abuja, Nigeria ilikuwa ikiongoza Argentina 4–0 katika mechi ya kirafiki. Muda wa nyongeza ulipokwisha pita, mwamuzi alitoa penalti, likapatikana bao la tano. Shaka iliwaangukia waliokuwa wameweka fedha juu ya bao hilo. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia maisha mwamuzi yule kwa kupokea rushwa katika mechi za kirafiki za 2010 na 2011.

Basi twaona kuwa idadi ikishatiwa bei, yaweza kununuliwa. Na makisio yanayomlipa mwenye uwezo wa kuligeuza jambo si makisio tena.

Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2016 humkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Sheria hulinda mlango. Maana ya maneno tumeachiwa sisi walimu. Tuwafundishe vijana kukisia, wapime, wakosee, wapime tena. Akosaye makisio darasani hurudi nyumbani na elimu. Akosaye kibandani hurudi bila nauli.