Je, Nimepakua Tu?



Tukizungumzia kunakili faili bila idhini ya mwenyewe, jibu letu wanafunzi huwa la haraka: "Hakuna kilichopungua." Ukichukua kitabu changu, nabaki mikono mitupu. Ukinakili faili yangu, bado ninayo. Basi dhambi iko wapi? Hoja hii haiwezi kupimwa kabla ya kujua kinachotendeka ndani ya simu na kompyuta zetu.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, njia iliyo karibu ni simu kwa simu. Kwa programu kama Xender, simu moja hufungua mtandao wake mdogo, nyingine hujiunga, na faili hupita bila bando. Mawaidha yaliyopakuliwa Mbarara asubuhi yanaweza kufika Juru au Rubondo jioni, na aliyelipia intaneti ni mtu mmoja tu. Kwa watu wenye kipato kidogo, hii ni neema.

Njia ya mbali ni BitTorrent, aliyoibuni Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Hapa faili haiombwi kutoka kompyuta kuu moja. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikiwa na alama yake ya kihesabu, na kipande kisicholingana na alama hiyo hutupwa. Unapopokea kipande kimoja kutoka kwa mtu wa Kampala, papo hapo programu yako inampa mtu wa Nairobi kipande ulichokwisha kupata. Anayetoa zaidi hupewa kwa kasi zaidi.

Kwa maoni yangu, kiini cha suala kiko hapo. Katika mfumo huu ni vigumu kuwa mpokeaji mtupu. Anayesema "nimepakua tu" amepakua na kugawa, tena kwa watu asiowajua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeanzisha jambo jema hupata ujira wake na mfano wa ujira wa wanaomfuata, na anayeanzisha baya hubeba mzigo vivyo hivyo. Vipande vyetu huendelea kusafiri hata tukiwa tumelala.

Ni kweli kwamba kunakili si wizi kwa istilahi ya mafakihi, ambao ni kuchukua mali kwa siri kutoka mahali inapohifadhiwa. Lakini kukosekana kwa hadi hakuhalalishi tendo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Uganda nayo ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Kinachopungua si faili, bali ni jasho: msoma qaswida aliyelipia studio hapati chake wimbo wake ukizagaa bure.

Upande wa pili nao una uzito. Mwanafunzi wa Nakivale hana kadi ya benki, na kitabu anachotakiwa kukisoma hakiuzwi Mbarara. Nasi tumeonywa vikali juu ya kuificha elimu. Je, tumwambie asubiri?

Naona kanuni ya dharura inamhusu, lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kitabu cha somo si sawa na filamu ya wikiendi. Tena, haja yake inamruhusu kusoma. Haimpi ruhusa ya kuwagawia watu elfu. Kwa hiyo aanze kwa kumwandikia mwandishi na kumwomba. Akikosa, nakala moja kutoka kwa mwenzake, ya kusomea tu, iko karibu zaidi na mpaka wa dharura kuliko BitTorrent, inayomgeuza kuwa msambazaji.

Kisha yapo mengi ambayo wenyewe wameyaruhusu, na matini za kale kama Riyadhu Swalihina ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Haya tuyagawe bila kuchoka. Napendekeza jumuiya yetu ijaze memori kadi kwa kazi za aina hiyo, na kila anayekwenda Nakivale likizo abebe moja. Hiyo itakuwa sadaka yenye kuendelea, isiyo na haki ya mtu ndani yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na chumo la halali. Wallahu a'lam.