Ukijua, Utaulizwa

Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa bweni, na nilikuwa mkali. Ijumaa moja ya muhula wa pili tulifanya msako wa masanduku, mimi na msaidizi wangu, tukiwa na gunia. Si unajua misako ya bodingi: maparachichi, mandazi ya juzi, simu iliyofichwa ndani ya pakiti ya sodo. Kwenye sanduku la msichana wa kidato cha pili, aliyelala mkabala na kitanda changu, nilikuta biskuti pakiti mbili na kopo la glukosi. Akaniambia polepole, "Hizo ni za dawa." Nikamjibu dawa hukaa kwa matroni. Nikatia kila kitu guniani, nikaenda sanduku linalofuata.

Shule ilikuwa Kitui, sitaitaja. Sheria zake zilikuwa zile zile za kila shule ya bweni unayoijua. Na sikuwa nimesahau kwamba yule msichana ana kisukari. Bweni zima lilijua. Kila asubuhi kabla ya kiamshakinywa na kila jioni alienda ofisi ya karani, ambako ndiko kulikuwa na friji, akajichoma sindano yake na kurudi. Tulimwita "mtu wa sindano". Nilijua jina la ugonjwa wake. Zaidi ya hapo sikuwa najua kitu, na sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake, Jumamosi, tangi lilikuwa limekauka. Tukapangwa foleni twende mtoni, yaani kwenye mchanga ambao huitwa mto, tukachimbe maji. Mtungi wa lita 20, safari mbili, jua la Kitui. Naye alienda. Hakuomba ruhusa ya kubaki, kwa sababu muhula uliotangulia aliomba na akaambiwa anatumia ugonjwa kukwepa kazi. Jioni karani alitaka kufunga ofisi mapema awahi matatu, kwa hivyo sindano ikachomwa saa kumi, masaa matatu kabla ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa isyo ngumu, maharagwe hayajaiva. Akala vijiko viwili vitatu, akaenda kulala.

Siku hizi naweza kukueleza hesabu ya siku ile kama mtu anayesoma risiti. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hivyo anaichoma. Insulini inatoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Ukishaichoma huwezi kuirudisha kwa sindano: itafanya kazi yake uwe umekula au hujala. Kazi ngumu nayo huendelea kushusha sukari hata masaa mengi baada ya wewe kupumzika. Weka hayo pamoja, maji, sindano ya mapema, vijiko vitatu vya isyo. Kitu kimoja kingesawazisha hesabu hiyo, na kilikuwa ndani ya gunia langu.

Saa tisa usiku tuliamshwa na sauti yake. Alikuwa anaongea maneno yasiyoshikana, amelowa jasho, mikono inatetemeka, anasukuma kila anayemshika. Mtu akasema mapepo. Wasichana wa CU wakaja na Biblia, wakazunguka kitanda, wakaanza kukemea. Sitawacheka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika mguu wake ninaomba. Matroni akafika amejifunga leso, akauliza amekula nini. Hakuna aliyejua.

Aliyemwokoa ni mpishi. Alikuwa ameamka kuwasha moto wa uji, akasikia kelele, akasimama mlangoni kwa heshima kwa sababu ni bweni la wasichana. Akauliza, "Madam, huyu si ndiye wa sukari?" Matroni akasema ndiye. Mpishi akasema, "Basi imeshuka. Leteni sukari." Na hapa ndipo matroni alifoka maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mtu ana ugonjwa wa sukari halafu unampa sukari? Unataka kumuua?"

Nataka kukaa hapo kidogo. Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlinda yule msichana kwa kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa jina. Kwa Kiswahili tunasema fulani "ana sukari", na jina hilo lenyewe linakufundisha uongo: kwamba ana sukari nyingi wakati wote, kwamba sukari ndiyo adui yake, kwamba aliipata kwa kupenda soda. Ungemuuliza yeyote pale bwenini angekuambia ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. Ile aina inayowapata watoto haitokani na kula sukari. Kinga ya mwili hushambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, basi. Lakini jina limeshatangulia, na usiku ule upendo wa matroni ulifuata jina, ukasimama kati ya mtoto na kikombe.

Mpishi hakubishana. Alirudi jikoni akaleta chai ya rangi iliyopozwa, imekolea sukari kama ya harusi, akahakikisha kwanza kwamba msichana anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa akauliza kwa nini watu wote wamesimama hapo. Mpishi alikuwa na mama mgonjwa kijijini, hapo ndipo alijifunzia. Hakuna aliyemfundisha shuleni. Kopo langu la glukosi lilikuwa chumbani kwa matroni, hatua kumi kutoka kitandani, likingoja kufunga shule.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwa neno moja: sikujua. Ni neno zuri. Linafunga kesi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa, kwa hivyo falsafa yangu ni ya nusu, lakini niliondoka nikiwa nimefika kwa Aristotle na kuna kitu chake hakijaniacha. Anasema si kila kutojua kunamwondolea mtu lawama. Anatoa mfano wa watunga sheria waliomwadhibu mlevi mara mbili: alichofanya hakukijua, sawa, lakini kulewa alikuwa na uwezo wa kukataa. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kujua na akaiacha hawezi kukimbilia ujinga wake. Nilipoisoma hiyo nikaona gunia. "Hizo ni za dawa." Nilikuwa na sekunde tano za kuuliza za dawa vipi. Nilizitumia kufunga sanduku.

Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Swali linalonisumbua zaidi ni la watu wazima, na halikunijia vizuri mpaka mwaka huu, nilipoongea na binamu yangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari msingi huko Makueni, kando ya barabara ya Mombasa. Ana mwanafunzi mwenye kisukari. Akaalikwa mafunzo ya siku moja Wote, kuhusu namna ya kuwahudumia watoto kama hao, na hakutaka kwenda. Nikamshambulia. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwana wa mwaitu, ukijua, utaulizwa."

Akanieleza. Leo mtoto akizirai darasani, yeye ni mwalimu wa hesabu, atapiga simu kwa mzazi na kutafuta bodaboda, na hakuna atakayemlaumu. Akishapewa cheti kwamba amefundishwa, kila kitu kitakachompata yule mtoto kitakuwa chake. "Nani alikuwa zamu? Si wewe ndiye ulienda Wote?" Mshahara ni ule ule. Darasa lina watoto wengi mpaka wengine wanakaa watatu kwa dawati. Na akikosea kipimo, nani atasimama naye? Mwalimu mkuu? Tume?

Nilitaka kumwambia huo ni woga. Nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ukisoma pale haki inaonekana kubwa kama mlima. Ukishuka nayo mpaka darasani, inamwangukia mtu mmoja mwenye chaki. Tunapenda kusema mwalimu ni mzazi wa pili. Mzazi wa kwanza akikosea humpeleki kwenye kamati ya nidhamu.

Bado nadhani binamu yangu alikosea, na nitasema kwa nini. Hoja yake inadhani kwamba asipojua, mzigo haupo. Mzigo upo, ila anaubeba mtoto. Msichana wa bweni letu, akiwa na miaka kumi na tano, ndiye aliyekuwa daktari, nesi na mwalimu wa afya wa shule nzima, na akilegea kidogo, kama alivyolegea usiku ule, hakuna wa kumpokea. Sukari ikishuka sana, akili ya kujieleza hupotea. Yaani ule wakati anapohitaji zaidi kusema "nipe glukosi" ndio wakati hawezi kusema. Mtu mwingine lazima awe anajua kwa niaba yake. Hiyo kazi huwezi kumwachia mgonjwa hata akiwa hodari namna gani.

Na hospitali haiwezi kuifanya. Makueni ilianza mpango wake wa afya mwaka 2016, familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na watu kutoka kwingine wakawa wanakuja kuangalia inawezekanaje. Heshima kwao. Lakini mtoto mwenye kisukari huenda kliniki siku moja, akarudi shule siku zingine zote. Shule huchukua karibu miezi tisa ya mwaka. Sindano, kipimo, chakula, michezo, adhabu, mtihani, vyote viko shuleni. Mtoto anayeomba kwenda choo mara tatu katika kipindi kimoja, sukari ikiwa imepanda, anamwomba mwalimu wa Jiografia. Daktari hayupo pale kusikia akinyimwa.

Isitoshe, yanayohitajika si udaktari. Binamu hatimaye alienda (mwalimu mkuu alimwandika jina bila kumuuliza, hivyo ndivyo mambo huenda) na akanisomea karatasi aliyopewa. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa: dhania imeshuka. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika kumi na tano, pima tena, kisha chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, hospitali mbio. Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa nguvu: hiyo imepanda vibaya, ni hospitali pia, na usiseme malaria. Mwache abebe biskuti darasani. Mwache aende choo. Usimwache peke yake akiwa hajisikii vizuri. Nikamuuliza, hicho ndicho ulichokuwa unaogopa? Akacheka. Akasema hapana, alikuwa anaogopa sindano.

Kuna kitu kimoja tu nilichoona kimekosekana, nacho kinatoka kwenye usiku wangu, si kwenye kitabu. Aliyealikwa Wote ni mwalimu. Saa tisa usiku mwalimu amelala. Walio macho ni mlinzi na mpishi, na hao hawaandikwi majina kwenye semina, hawapewi nauli, pengine karatasi yenyewe imeandikwa Kiingereza. Mtoto hachagui saa ya kuishiwa sukari ili ilingane na ratiba ya walioelimishwa.

Na kuna mambo ya friji. Yule msichana aliniambia baadaye, tukiwa tumeanza kuongea, kwamba nyumbani kwao hakuna stima. Susu yake alikuwa akihifadhi insulini kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga anaoulowesha kila asubuhi na jioni. Kwa joto lile, dawa ilikaa salama, na aliweza kuifikia saa yoyote. Shule ilikuwa na friji nzuri nyeupe, na ufunguo ulikuwa unapanda matatu saa kumi jioni.

Mwisho wa muhula mzazi wake aliitwa na kushauriwa, kwa upole sana, amtafutie shule ya kutwa iliyo karibu na hospitali. Walisema ni kwa ajili ya usalama wake. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka getini. Glukosi nilikuwa nimemrudishia kitambo. Sikumwomba msamaha, nilidhani kumrudishia kunatosha.

Wiki iliyopita nilimpigia binamu tena nikamuuliza jambo moja: baada ya saa kumi na moja jioni, ufunguo wa mahali dawa ya yule mtoto inakaa uko na nani? Akanyamaza. "Wacha niulize." Kesho yake akanitumia sauti. Ufunguo uko na mlinzi. Mlinzi hajui ule mlango unahifadhi nini, yeye huambiwa tu asiufungue. Binamu anasema Jumatatu atakaa naye langoni, amwelezee vijiko vitatu kwa Kikamba, na ile karatasi ataiandika upya kwa mkono.