Je, Picha ya Kweli Yaweza Kushuhudia Uongo?



Swali tunalotaka kulipima mwezi huu latoka katika amri ya nane. Je, mtu aweza kumshuhudia jirani yake uongo, naye asiseme hata neno moja lisilo kweli? Zamani tungalijibu upesi kwamba haiwezekani. Sasa hatujibu upesi, kwa ajili ya jambo lililotokea upande wetu huu.

Chidya imezoea mambo ya shule tangu siku nyingi, maana ndugu zetu Waanglikana wa misheni ya UMCA walijenga shule hapa, nayo iko hata leo mkononi mwa serikali. Lakini habari hii si ya shule hiyo. Ni ya nyingine, upande wa kupandia Newala, ambayo jina lake hatulitaji. Huko mwalimu mmoja kijana aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kutengeneza video fupi. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, walitumia simu ya mwalimu na kompyuta moja. Kazi yenyewe twaisifu. Kwanza waliandika katika karatasi kila picha watakayoipiga na sababu ya kuipiga. Kisha wakaenda kupiga. Kisha wakaketi mbele ya kompyuta, wakakata na kuunga. Wako vijana waliokuwa hawawezi kupanga barua ya kurasa 2, nao hapo walijifunza kuuliza lipi litangulie na lipi lifuate.

Walichagua habari ya korosho, nao walichagua vema, kwa kuwa Masasi na Newala ada za shule na bati za nyumba hutoka huko, hata sadaka ya mavuno. Wakamwendea karani wa chama cha msingi, aliye mzee wa usharika wetu, wakamwuliza mbele ya kamera kwa nini mkulima hupokea pungufu ya bei iliyotangazwa mnadani. Yule mzee alinyamaza, akatazama chini penye mzani. Kisha akajibu kwa muda wa dakika 4, akitaja makato moja moja: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji, fungu la chama.

Video ilitakiwa isizidi dakika 3. Basi vijana wakabakiza swali, wakabakiza kule kunyamaza na kutazama chini, jibu wakalikata lote. Mahali pake wakaunga picha ya mkulima akihesabu noti zake chache. Siku ya wazazi video ikaonyeshwa, ukumbi wote ukacheka. Sisi nasi tulikuwa tumeketi mstari wa mbele, nasi tulicheka.

Jumapili iliyofuata mzee hakuja kanisani, wala ile ya pili.

Tulipomwendea mwalimu, alitujibu maneno yasiyo ya mpumbavu. "Mchungaji," alisema, "humo hamna picha hata moja ya kubuni. Swali aliulizwa, kunyamaza alinyamaza, na noti zile ni noti. Tena kila asemaye hukata. Hata wewe ukihubiri habari ya mwana mpotevu, husomi Biblia nzima." Neno hili lilitusumbua siku kadhaa, maana ni kweli tupu kwamba asiyekata hawezi kusema lolote.

Lakini tufikiri habari hiyo hiyo ya mwana mpotevu. Tukiikomesha pale kijana anapotamani maganda wanayokula nguruwe, kisha tukasema Amina, kila neno tulilosoma litakuwa la kweli, na watu watakwenda nyumbani wakiamini kwamba baba yule hakutoka mbio kumlaki mwanawe. Tutakuwa tumemsingizia baba. Kumbe kukata kuko kwa namna mbili: kuko kunakofupisha habari, na kuko kunakozaa habari nyingine.

Wenye ufundi huu walilijua jambo hilo mapema. Huko Urusi, yapata miaka 100 iliyopita, mwalimu wa sinema Lev Kuleshov aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji, akauunga mara na bakuli la mchuzi, mara na maiti katika jeneza. Yasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa usoni, kisha wakaona huzuni, na uso ulikuwa ule ule. Maana haikukaa katika picha; ilikaa katika kiungo. Na hapo ndipo Katekisimo Ndogo inapotubana, kwa kuwa Luther hakutosheka na kukataza uongo, bali alitutaka tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake yote kwa wema. Aungaye picha hufasiri, apende asipende.

Wala sinema si jambo geni kwa kanisa. Tangu mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ilifanywa kazi ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, Baraza la Kimataifa la Misheni likihusika, na fedha zikitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Bwana L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza sinema 35. Waafrika walicheza mbele ya kamera, na wengine walifundishwa kazi za ufundi; lakini aliyeamua kipi kibaki na kipi kikatwe alikuwa Mzungu. Uso ulikuwa wetu, maana ilikuwa ya mwingine. Ndiyo sababu twafurahi kwamba mkasi umefika mikononi mwa watoto wetu, na ndiyo sababu iliyotuuma zaidi kuona kwamba walipoushika tu, walimtendea mzee wao vivyo hivyo. Vijana hawa wasingethubutu kupiga picha mambo ya jando, maana miiko yake waijua. Hawakudhani kwamba uso wa mzee nao una mwiko.

Walikwenda kumwomba radhi, nasi tukafuatana nao, maana tulikuwa na letu la kuombea. Jibu lake la kwanza walikuwa wamekwisha kulifuta, simu ilipojaa. Mzee alikubali kulisema tena, kwa sharti aketi nao wakati wa kukata. Wakataka kuiondoa ile picha ya kutazama chini, ili wamheshimu. Akawazuia. "Iacheni," alisema. "Nilikuwa nahesabu makato, nisije nikasahau moja."

Video ile sasa ni ya dakika 7, na yaonekana hesabu tupu. Siku ya wazazi ukumbi ulikuwa umejaa hata madirishani. Siku ya kuonyesha hii ya pili tulihesabu watu 40 hivi. Ile ya kwanza ingali katika simu za watu.