Maziwa Yana Wenyewe



Ndugu zangu Waislamu, leo sitazungumzia kaburi wala adhabu yake. Tuingie jikoni.

Katika Suratun Nahl, aya ya 66, Mola wetu anatutaka tuwazingatie wanyama wa kufugwa, na namna anavyotutolea matumboni mwao, baina ya choo na damu, maziwa safi yasiyo na doa. Usiku wa Israa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliletewa maziwa na pombe, akachagua maziwa, na Jibril akamwambia kwamba ameongozwa kwenye maumbile ya asili. Tena tazameni dua zetu. Tukila chakula kingine tumefundishwa tuombe baraka, kisha tuombe kilicho bora kuliko hicho. Tukinywa maziwa tumefundishwa tuombe tuzidishiwe hayo hayo, kwa kuwa hakuna kingine kinachosimama mahali pa chakula na kinywaji kwa pamoja.

Sasa tuulizane kwa haki: maziwa yakiingia nyumbani kwako, anayanywa nani?

Nyumba nyingi hununua nusu lita, na hiyo ni ya chai. Kikombe cha kwanza, kile kizito, ni cha baba. Cha pili ni cha mgeni akitokea. Watoto wanapewa chai ya rangi na andazi. Mama mjamzito anasuuza sufuria. Jioni mtoto yule yule anatumwa dukani alete soda baridi, na pesa ya soda haikosekani. Nisieleweke vibaya, soda si haramu. Lakini mwenye pesa ya soda kila siku asituambie kwamba maziwa ni ya matajiri.

Mwili wa binadamu huweka karibu kalsiamu yake yote, asilimia 99, kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki inafanya kazi kwenye damu na misuli, na moyo hauwezi kupiga bila hiyo. Kwa hiyo chakula kikikosa kalsiamu, mwili haungoji. Unaichota mifupani, kama mtu anayeng'oa fito za nyumba yake apate kuni za kupikia. Mwenye nyumba haoni kitu mpaka ukuta uanguke. Ndiyo maana bibi anateleza chooni, anguko dogo tu, na nyonga inavunjika.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200, na kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300, kuliko baba yake mwenye kikombe kizito. Kikombe cha robo lita ya maziwa kina kama 300. Kijiko kikubwa unachotia kwenye chai hakifiki hata 20, kwa hiyo tusijidanganye kwa rangi ya chai. Mfupa hujengwa utotoni na ujanani, na ukifika miaka 30 hivi ujenzi umekwisha, unabaki kutunza ulichojenga. Mtoto tumboni naye hukusanya kama gramu 30 za kalsiamu mpaka azaliwe, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Zinatoka kwa mama. Mama asipokula, zinatoka mifupani mwake.

Wako watakaosema, shehe, mimi maziwa yananisumbua tumbo. Ni kweli, na ni wengi. Watu wazima wengi wa Afrika hawasagi vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa. Basi kunywa mtindi, kwa sababu wale wadudu wanaogandisha maziwa wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo, na kalsiamu imebaki. Kunywa kidogo kidogo, pamoja na chakula, na usiujaze sukari kijiko juu ya kijiko. Samli na siagi ni halali na tamu, ila humo kalsiamu ni kidogo sana, hazihesabiwi. Na asiyepata maziwa kabisa asivunjike moyo: dagaa wanaoliwa wazima na miba yao ni hazina. Watoto watoke juani pia, maana bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, kalsiamu haifyonzwi vizuri, na matege huanzia hapo.

Mtoto mchanga haki yake ni ziwa la mama, miezi sita bila kitu kingine, kisha pamoja na vyakula vingine, na Qur'ani imetaja miaka miwili kwa anayetaka kukamilisha. Maziwa ya ng'ombe hayachukui nafasi hiyo kabla mtoto hajatimiza mwaka. Na maziwa mabichi yachemshwe, hata kama ng'ombe ni wako na unampenda. Kifua kikuu na homa ya kutupa mimba hupita humo.

Nimebakiza neno kwa wenye kuuza. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, katika doria zake za usiku Madina, alimsikia mama akimwamuru bintiye atie maji kwenye maziwa. Binti akakataa: ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Umar akamtaka binti yule aolewe na mwanawe Asim, na katika kizazi chao akapatikana Umar bin Abdul Aziz. Unayetia maji kwenye dumu alfajiri, ujue unapunguza mfupa wa mtoto ambaye mama yake amelipa kamili. Na kama maji yenyewe ni ya kisima kichafu, umemuuzia na maradhi juu yake.

Basi enyi kina baba, kuanzia kesho asubuhi kikombe cha kwanza kiende kwa mjamzito, anayenyonyesha, binti anayekua na bibi mzee. Nyinyi mngoje. Na wenye kuandaa hitima na maulidi, badala ya kreti za soda, leteni mtindi.